Kwa nini vipanga wa PCM hupata sapu uhandisi, na ufundishaji gani unawasaidia

Matokeo ya muhula wa kwanza yakitoka, hali huwa ileile katika idara nyingi za uhandisi. Vijana waliomaliza kidato cha sita na alama za juu za PCM (fizikia, kemia na hisabati), walioitwa vipanga, yaani wenye akili nyingi, tangu shule ya msingi, wanakuta sapu mbili au tatu, yaani mitihani ya kurudia. Wengine wanakeri somo moja, wanalibeba bila kulifaulu, hadi mwaka wa tatu. Wengine wanakula disko, yaani wanaondolewa chuoni, na kurudi nyumbani kuwaeleza wazazi jambo ambalo wao wenyewe hawalielewi.

Maelezo yanayotolewa haraka ni mawili. Wahadhiri husema vijana wa siku hizi hawasomi, na kwamba sekondari zinaleta watu ambao hawajaandaliwa. Wanafunzi nao husema mhadhiri fulani anabana, au hafundishi, anasoma tu slaidi. Yote mawili yana ukweli ndani yake. Lakini hayaelezi kwa nini kijana yuleyule aliyekesha na pasti pepa (mitihani ya miaka iliyopita), aliyehudhuria kila kipindi, aliyeandika kila neno la ubaoni, bado anaanguka somo la kwanza la mekanika (mwendo na kani) au la sakiti (njia za umeme).

Nimelifuatilia suala hili kwa muda mrefu, na ninaamini tatizo kubwa zaidi limo katika mpangilio wa kozi yenyewe. Mwanafunzi anagundua kwamba hakuelewa siku ya mtihani wa mwisho, wakati hakuna tena cha kufanya. Mbinu za kufundisha ambazo utafiti wa miaka arobaini umeonyesha kwamba zinafaa ni nyingi na zina majina mbalimbali, lakini karibu zote zinafanya kazi moja: zinaisogeza siku hiyo ya kugundua, iwe wiki ya pili badala ya wiki ya kumi na tano.

Mwaka 1985 Ibrahim Halloun na David Hestenes wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio la fizikia lisilohitaji kukokotoa chochote. Maswali yake yalikuwa ya lugha ya kawaida kuhusu mwendo na kani. Toleo lililokomaa la kazi hiyo lilitoka mwaka 1992 na likasambaa duniani. Chukua swali la aina hii: lori limegongana uso kwa uso na gari dogo, ni lipi limesukumwa kwa kani kubwa zaidi? Mwanafunzi wa uhandisi atakuandikia kanuni ya tatu ya Newton hata ukimwamsha usiku wa manane, kwamba kila kani ina kani pinzani iliyo sawa nayo. Ukimuuliza habari za lori, anasema lori ndilo linalolisukuma gari dogo kwa nguvu zaidi. Kumbe kani ni sawa pande zote mbili. Kinachotofautiana ni madhara, kwa kuwa gari dogo lina tungamo dogo, na mwendo wake hubadilika ghafla zaidi.

Halloun na Hestenes walikuta kwamba muhula mzima wa mihadhara ulibadilisha majibu ya namna hii kidogo sana, na kwamba mabadiliko hayo yalikaribiana bila kujali nani alikuwa anafundisha. Aliyesifiwa kwa ufasaha na asiyesifiwa walitoa karibu matokeo yaleyale. Huo ndio ugunduzi mzito kuliko yote katika habari hii, na mpaka leo kuna watu wanaoukwepa. Tumezoea kuamini kwamba dawa ya ufundishaji mbaya ni mhadhiri anayeeleza vizuri zaidi.

Eric Mazur, profesa wa fizikia Harvard, alikuwa na imani hiyohiyo. Wanafunzi wake walimpa alama za juu na walifaulu mitihani yenye hesabu nzito. Alipowapa maswali ya Hestenes, mmoja wao alimuuliza ajibu vipi: kwa namna alivyofundishwa darasani, au kwa namna anavyofikiri mwenyewe? Katika kichwa cha kijana huyo kulikuwa na fizikia mbili zinazoishi pamoja bila kukutana, moja ya mtihani na moja ya dunia.

Mazur akaweka kwenye mtihani maswali mawili ya umeme. Moja lilikuwa sakiti yenye mizunguko miwili, ya kukokotoa mkondo na tofauti ya volti kwa kanuni za Kirchhoff. La pili ni hili, ninaomba msomaji alijibu kabla ya kuendelea. Betri moja imeunganishwa na balbu tatu zinazofanana, zimefuatana kwenye njia moja. Kando ya balbu ya tatu pana waya wenye swichi, unaounganisha upande mmoja wa balbu hiyo na upande wake wa pili. Swichi ikiwashwa, balbu ya kwanza, ya pili na ya tatu zitafanya nini?

Balbu ya tatu inazimika, kwa sababu umeme umepata njia isiyo na ukinzani wa kutajika. Mbili za kwanza zinawaka zaidi. Kama betri ni ya volti 6, mwanzoni kila balbu ilipata volti 2. Sasa wamebaki wawili wa kugawana, kila moja inapata 3. Hakuna hesabu ngumu hapo. Hata hivyo wanafunzi wa Mazur walipata alama za chini katika swali la balbu kuliko katika lile la Kirchhoff. Ukiwasikiliza wanafunzi wakilijadili swali la namna hii, kosa linajitokeza wazi: wengi husema balbu ya kwanza haibadiliki, kwa kuwa umeme unaifikia kabla haujafika kwenye swichi. Wanauona umeme kama msafiri anayepita kituo kimoja baada ya kingine, asiyejua kilicho mbele. Mwanafunzi mwenye picha hiyo kichwani anaweza kupata A ya sakiti kwa kukariri hatua za kukokotoa. Siku akikabidhiwa mfumo wa umeme wa jengo wenye hitilafu, hatajua aanzie wapi, maana hakuna pasti pepa inayofanana na jengo hilo.

Mwaka 1991 Mazur alianza kufundisha kwa namna nyingine, inayowezekana hata katika ukumbi wa watu mia tatu. Mhadhara unakatwa vipande vifupi. Baada ya kila kipande linakuja swali moja kama la balbu, lenye majibu manne ya kuchagua. Kila mwanafunzi anafikiri peke yake kwa dakika moja au mbili, halafu anachagua jibu: kwa kadi ya rangi, kwa simu, au kwa vidole alivyovibana kifuani ili jirani asione. Mhadhiri anatazama. Kama karibu wote wamepatia, anasonga mbele. Kama karibu wote wamekosea, anarudi kufafanua. Na kama waliopatia wako kati ya takriban asilimia 30 na 70, anawaambia: mgeukie jirani yako mwenye jibu tofauti, mshawishi. Dakika mbili tatu ukumbi unavuma. Kisha wanachagua tena, na kwa kawaida waliopatia wanaongezeka sana.

Hatua ya kuchagua peke yako kabla ya kuzungumza ndiyo inayorukwa mara nyingi na wanaoiga mbinu hii haraka, na ikirukwa kitu chote kinalegea. Mwanafunzi ambaye hajajifunga na jibu lake husubiri kipanga aseme, kisha anatikisa kichwa. Aliyejifunga na jibu anataka kujua kwa nini amekosea.

Kwetu kuna faida nyingine ambayo Harvard hawaihitaji. Mhadhara ni wa Kiingereza, slaidi ni za Kiingereza, mtihani ni wa Kiingereza, na wanafunzi wengi tulionao wanafikiri kwa Kiswahili. Zile dakika mbili za jirani kwa jirani ni nafasi adimu ndani ya mhadhara ambamo Kiswahili kinaruhusiwa kufanya kazi. Kijana anayeweza kumweleza mwenzake kwa Kiswahili kwa nini balbu ya kwanza inaongeza mwanga ameelewa kweli. Atajifunza kuliandika kwa Kiingereza baadaye. Aliyekariri sentensi ya Kiingereza ana sentensi tu.

Ushahidi wa mbinu hizi si wa darasa moja. Richard Hake alikusanya matokeo ya lile jaribio la Hestenes la mwendo na kani kutoka kozi 62 zenye wanafunzi zaidi ya 6,000, akayachapisha mwaka 1998. Kipimo chake kilikuwa rahisi: katika yale yote ambayo darasa halikuyajua mwanzoni, ni sehemu gani limeyajua mwishoni? Kozi za mihadhara mitupu zilikuwa na wastani wa asilimia 23 hivi. Zile ambazo wanafunzi walifikiri, wakajibu na kujadiliana zilikuwa na 48. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walijumlisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati ngazi ya shahada ya kwanza. Katika madarasa ya mihadhara mitupu, asilimia 33.8 ya wanafunzi walianguka. Katika madarasa ya kushirikisha, asilimia 21.8. Kwa darasa la watu mia mbili, hiyo ni tofauti ya watu 24. Kundi hilohilo la watafiti likaonyesha mwaka 2020, Elli Theobald akiwa mwandishi wa kwanza, kwamba pengo kati ya wanafunzi waliotoka katika makundi yenye uwakilishi mdogo na wenzao hupungua pia.

Hapa wahandisi wenzangu huleta hoja ninayoiheshimu: uhandisi haubebi mtu, daraja halimhurumii aliyelichora, na tukipunguza wanaoanguka tutakuwa tumeshusha kiwango. Lakini tafiti hizo hazikulinganisha asilimia za kufaulu tu. Ziliangalia pia alama za mitihani na majaribio, na zilipanda. Kinachonitia hofu mimi ni yule aliyefaulu kwa kudesa, yaani kukariri majibu yaliyoandaliwa na wengine. Alikusanya madesa ya miaka saba, akakuta mhadhiri anazungusha maswali yaleyale, akapita. Huyo hatukumchuja. Yuko kazini sasa hivi, anaweka saini michoro.

Kikwazo cha kwanza kwa mhadhiri anayebadilika hutoka kwa wanafunzi wenyewe, na ni vizuri ajue kabla hakijamkatisha tamaa. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard walichapisha jaribio ambalo wanafunzi wa fizikia walifundishwa mada ileile kwa njia mbili, wengine kwa mhadhara laini wa mtu hodari, wengine kwa kukokotoa wenyewe kwa vikundi huku wakisaidiwa. Waliofanya wenyewe walipata alama zaidi kwenye jaribio. Lakini walipoulizwa, walisema wamejifunza kidogo kuliko wenzao. Maelezo mazuri yanatiririka, msikilizaji anahisi ameelewa. Kufanya mwenyewe kunakwama, na mtu hutafsiri kukwama huko kama kutojifunza. Basi mhadhiri anayeanza kuuliza maswali darasani ategemee kuandikwa kwenye fomu za tathmini kwamba hafundishi. Deslauriers na wenzake wanashauri jambo hili lielezwe wazi mwanzoni mwa muhula, wanafunzi waonyeshwe ushahidi, na nakubaliana nao kabisa.

Nje ya ukumbi wa mihadhara kuna diskasheni, yaani vikundi vya kujisomea. Mwanafunzi wa uhandisi Dar es Salaam au Nairobi hahitaji kufundishwa kukaa kikundi, maisha yetu ya chuo yamejengwa juu yake. Kinachotakiwa ni kutazama kinachotokea humo ndani. Miaka ya 1970 Uri Treisman, akiwa Berkeley, California, alitaka kujua kwa nini wanafunzi wengi Weusi walianguka kalkulasi wakati wenzao wa asili ya Kichina walifanya vizuri. Wahadhiri aliowauliza walitaja motisha, familia, umaskini, maandalizi duni. Treisman akaenda kuishi nao na kuwatazama wakisoma, na hakuona hayo. Wanafunzi Weusi walisoma kwa bidii, ila peke yao. Wale wa asili ya Kichina walifanya kazi zao, kisha jioni walikutana, wakalinganisha majibu, wakabishana, wakahojiana. Kila mmoja alijua aliposimama. Treisman akaanzisha vikundi vya kalkulasi ambavyo havikuitwa vya wanyonge. Viliitwa vya wanaotaka kufanya vizuri zaidi, na vilipewa maswali magumu kuliko ya kawaida. Waliojiunga walianza kuwashinda wenzao.

Diskasheni zetu nyingi hazifanani na hizo. Kipanga anasimama ubaoni, anakokotoa, wengine wananakili, na saa nne usiku kila mtu anaondoka akiwa na daftari lililojaa na kichwa kilekile. Huo ni mhadhara wa pili, umehamishiwa darasa la jirani. Chuo kinaweza kubadilisha hali hii kwa gharama ndogo: mhadhiri msaidizi anatoa maswali mawili magumu kwa wiki, kila mwanakikundi anakuja na jaribio lake kwenye karatasi, na anayeenda ubaoni ni yule aliyekwama. Mhadhiri msaidizi anazunguka akiuliza, bila kutoa majibu.

Hisabati ina kisa chake. Katika Chuo Kikuu cha Wright State, Dayton, Ohio, waligundua kwamba ni asilimia 42 hivi tu ya waliokuja kusoma uhandisi na sayansi ya kompyuta walioweza kuvuka mfululizo wa kalkulasi wa mwaka wa kwanza. Waliobaki waliondoka kabla hawajagusa uhandisi wowote. Mwaka 2004, wakiongozwa na Nathan Klingbeil, walianzisha kozi ya hisabati inayofundishwa na wahandisi wenyewe, yenye hisabati ile tu ambayo masomo ya mwanzo ya uhandisi yanaitumia kweli. Trigonometria inafundishwa kwa mkono wa roboti: ukijua urefu wa mkono na pembe za bega na kiwiko, ncha yake itafika wapi? Aliyefaulu kozi hiyo anaruhusiwa kuendelea na fizikia, mekanika na sakiti, huku kalkulasi kamili akiisoma taratibu baadaye. Wanaohitimu waliongezeka sana, hasa miongoni mwa walioingia na maandalizi hafifu. Hakuna mada iliyofutwa. Mpangilio ndio uliobadilika.

Kisa cha Sheryl Sorby, aliyekuwa Michigan Tech, chuo kikuu cha teknolojia Marekani, kinanigusa zaidi, kwa sababu kinahusu kitu tulichokiita kipaji miaka yote. Mwanafunzi anapewa mchoro wa kitu chenye urefu, upana na kina, anatakiwa akizungushe kichwani na kukichora kinavyoonekana upande wa pili. Wengine wanaweza papo hapo, wengine hawaoni kitu. Sorby mwenyewe, alipokuwa mwanafunzi wa uhandisi, alipata shida kubwa katika somo la michoro. Mwaka 1993 alianza, pamoja na Beverly Baartmans, kozi fupi kwa wanafunzi waliopata alama za chini katika jaribio la kuzungusha maumbo, na wanawake walikuwa wengi kuliko idadi yao darasani. Kazi ilikuwa kuchora kwa mkono, kushika matofali ya kuunganisha, kukata maumbo na kuyatazama pande zote. Uwezo ulipanda. Alama za masomo yaliyofuata zilipanda, na wanawake wengi zaidi walibaki katika uhandisi.

Sorby aliona pia kwamba waliofanya vizuri tangu mwanzo ni wale waliocheza utotoni na vitu vya kuunganisha, au waliosoma michoro na ufundi sekondari. Hapa kwetu ramani ya jambo hilo inajulikana. Kijana aliyetoka shule ya ufundi ya Ifunda, Moshi au Tanga ameshika rula ya T miaka minne. Msichana aliyetoka shule ya kata na PCM nzuri anaishika kwa mara ya kwanza chuoni, halafu wote wawili wanapewa mchoro uleule wiki ya tatu na kusahihishwa kwa kalamu ileile. Akianguka, anaambiwa hana jicho la kihandisi. Saa chache za mazoezi kwa wiki, kwa muhula mmoja, zingempa jicho hilo.

Juhudi zetu nyingi zimewekwa mwishoni mwa safari. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako kitivo cha uhandisi kilifunguliwa mwaka 1973, mafunzo kwa vitendo viwandani ni sehemu ya shahada. Bodi ya Usajili wa Wahandisi Tanzania ilianzisha mwaka 2003 mpango wa miaka mitatu wa kuwalea wahitimu chini ya wahandisi wazoefu. Ni kazi nzuri, na imezaa wahandisi wengi. Lakini inamsaidia aliyekwisha kuvuka. Walioanguka mwaka wa kwanza hawakuiona fildi (mafunzo hayo ya viwandani) ya maana wala hawakumfahamu mhandisi hata mmoja kwa jina.

Kinachozuia mabadiliko si fedha peke yake. Vidole kifuani havigharimu kitu, na jaribio dogo la dakika kumi kila Ijumaa linahitaji karatasi tu. Kuna utafiti mwingi kuonyesha kwamba kujaribiwa mara kwa mara kunafanya mtu akumbuke kuliko kusoma upya daftari. Zuio kubwa ni kwamba mhadhiri hupandishwa cheo kwa machapisho. Anayekaa wiki nzima kutunga maswali mazuri matano ya sakiti hana mahali pa kuyaandika katika fomu ya kupanda cheo. Mwenzake aliyesoma slaidi zilezile kwa miaka tisa na kuandika makala mbili anakuwa mwandamizi. Na maswali mazuri kweli ni magumu kutunga: lazima ujue wanafunzi wanakosea vipi, na hilo unalijua kwa kusoma karatasi zao ukitafuta kosa linalojirudia, kazi ambayo mara nyingi tumemwachia msahihishaji.

Idara inayotaka kuanza haihitaji kubadilisha mtaala. Ichague somo moja tu, lile linaloongoza kwa sapu. Wahadhiri wake wawili waondoe mihadhara sita kwenye ratiba ya muhula na nafasi hiyo iwe ya maswali na vikundi, wapunguziwe mzigo wa kufundisha kwa mwaka mmoja, na maswali watakayotunga yahesabiwe kama kazi ya kitaaluma. Mtihani wa mwisho ubaki na ugumu uleule wa mwaka uliotangulia, usahihishwe na mtu ambaye hakufundisha, na orodha ya sapu za miaka hiyo miwili iwekwe mezani mbele ya idara nzima.